Jumapili Kabla ya Vijifuko

Jumapili, Masaka, Kigali. Mvua ya vuli imeanza mchana na bado inapiga mabati. Moyo wangu hauko mahali pake.

Naogopa. Nimeliandika neno lenyewe mapema nisije nikalizunguka baadaye, maana kuzunguka ndiyo kazi ninayoiweza. Naogopa tangu Ijumaa, dokta aliponipigia simu kusema kila kitu kiko tayari. Lakini hofu ya Ijumaa nikiiweka karibu na hii ya leo, ile ilikuwa mzaha.

Kwa anayepita kwenye blogu hii kwa mara ya kwanza: mimi ni mwalimu wa Kiswahili, Mnyarwanda niliyekulia Karagwe, na mtoto wangu wa pekee anaitwa Teta. Ana miaka kumi na moja. Tangu alipokuwa mdogo kongosho lake halitoi insulini, kwa hiyo kongosho lake ni mimi. Namtoboa kidole, namchoma sindano, namwekea chakula, namwangalia. Nimejifunza kulisoma jasho lake kama mkulima anavyosoma mawingu. Mume wangu Innocent anaendesha lori kati ya Dar es Salaam na hapa Kigali, kwa hiyo kazi hii ya kuwa kongosho mara nyingi naifanya peke yangu. Mama mkwe wangu, tunayeishi naye, hunisaidia kwa maombi.

Kesho asubuhi Teta anatakiwa kuwekewa vijifuko.

Nieleze, maana nikieleza napumua. Ni utafiti, na wamechukuliwa watoto wachache tu. Dokta Umutoni, ambaye ni mdogo kuliko mdogo wangu wa mwisho lakini ana subira ya mtu mzima, alitukalisha akatueleza bila haraka. Ndani ya kila kijifuko kuna seli hai za binadamu, zile zinazojua kutengeneza insulini. Zimetoka kwa mtu aliyezitoa, mtu tusiyemjua wala hatutamjua. Kijifuko chenyewe ni polima, kitu laini chenye utelezi, chenye matundu madogo ambayo jicho haliyaoni. Sukari inapita, insulini inapita, ila askari wa mwili wanaoua wageni hawapiti. Halafu polima hiyo haikai milele. Mwili unaimeng'enya taratibu mpaka inakwisha, kama ule uzi walionishonea nilipojifungua kwa upasuaji, ambao hakuna aliyekuja kuutoa. Wanatumaini kwamba siku ukuta utakapokwisha, mishipa ya damu itakuwa imezifikia seli, na kwa msaada wa dawa mwili utakuwa umezizoea.

Wanatumaini. Dokta hakusema wanajua, nami nilimheshimu kwa hilo, ingawa siku ile ningefurahi zaidi kama angenidanganya.

Alituonyesha picha kwenye simu. Teta akaruka, "Marakuja!" Na kweli, ukilipasua marakuja ukaona kila mbegu imekaa ndani ya kifuko chake cha majimaji, umeviona. Tangu siku hiyo tukienda sokoni Kimironko lazima asimame kwa wauza marakuja, na mimi lazima nimvute mkono.

Siku ileile aliuliza swali. "Wakiwa humo ndani, wanakula nini?" Mimi mwalimu mzima nilimwacha aziite seli "wao", kama watu, maana alikuwa anauliza kwa dhati. Mimi nilicheka. Dokta hakucheka. Alimjibu kama anamjibu mwenzake kazini: chakula na hewa vinaingia kwa yale matundu, lakini siku za mwanzo mishipa ya damu inakuwa bado mbali, kwa hiyo watakuwa na njaa. Wengine hawatavumilia. Akasema hilo ndilo linalomsumbua yeye kuliko yote.

Teta akanyamaza njia nzima mpaka nyumbani. Nilidhani amechoka.

Mimi nilikuwa na hofu zangu nyingine. Je, ukuta ukiyeyuka kabla ya wakati? Je, seli zikifa zote, mwanangu achanjwe tumbo bure? Na huyo aliyezitoa ni nani? Hapa kwetu mtu akikupa ng'ombe unamjua kwa jina na ukoo, na siku ng'ombe akizaa unamrudishia ndama. Huyu ametupa kitu kikubwa kuliko ng'ombe, na hatuna mlango wa kubisha tuseme asante. Sijui kwa nini jambo hilo nalo linanitisha, lakini linanitisha.

Mama mkwe ana dawa moja ya kila hofu. Ijumaa alisimama katika chumba cha maombi cha kanisa letu akatangaza funga ya siku tatu kwa ajili ya Teta, mpaka vijifuko viingie. Alisema wazi kabisa kwamba watoto na wagonjwa hawafungi. Wote walisema Amina. Na mimi nilifunga, na kwa kuwa njaa hunipa tamaa ya kijinga, nilitoa vitu vyote vya kula kwenye mkoba wangu. Juisi ya Teta. Biskuti za Teta. Pipi za Teta. Nilijiambia nyumbani kila kitu kipo, na kanisani hatukai sana.

Mkoba huo miaka yote haujawahi kukosa kitu kitamu cha kumwokoa sukari yake ikishuka. Niliutoa utamu kwa ajili ya Mungu.

Leo asubuhi nilimpima, nikamchoma, nikampa kikombe cha uji. Akatoka nacho barazani, kama kawaida yake ya Jumapili, hapendi kula huku tunamharakisha. Akarudi na kikombe kitupu. Nikamfunga utepe wa kwaya ya watoto na tukaondoka.

Kwaya iliimba vizuri. Baadaye watoto wakakaa benchi la mbele, mchungaji akaanza kuombea safari yetu ya hospitali, na sauti zikapanda. Hapo Teta akaanza kutetemeka. Kichwa kilikuwa kinaenda huku na huku, midomo inacheza, anasema maneno yasiyo na mwanzo wala mwisho.

Mama mmoja nyuma yangu akapaza sauti: "Ananena kwa lugha!"

Watu wakainuka. Ngoma ikaingia. Mama mkwe akanyanyua mikono yote miwili, machozi yanamtiririka kwa furaha, na mimi, mama yake, kongosho lake, kwa muda mfupi niliamini. Nilitaka kuamini. Nilisema moyoni, Mungu amejibu, labda hata vijifuko havihitajiki.

Kisha nikaliona jasho.

Liko kwenye mdomo wa juu, matone madogo, na shingo imelowa. Nililijua jasho lile kama ninavyolijua jina langu. Niliruka mabenchi. Nilipomtoboa kidole hakushtuka hata kidogo. Mashine ya kupimia sukari haikuandika namba. Iliandika herufi mbili tu, maana yake sukari iko chini kuliko inavyoweza kupima. Miaka yote hii sijawahi kuziona herufi zile.

Nikapiga kelele, "Sukari! Kitu kitamu! Chochote!"

Wakafungua mikoba. Biblia, vitambaa, miavuli, funguo. Kanisa zima lilikuwa limefunga kwa ajili ya mwanangu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na pipi.

Sijui nilimbebaje. Ni mrefu sasa, miguu yake ilikuwa inaburuta. Nilitoka naye mlangoni nikilia, na nje palikuwa na dereva wa moto, yaani bodaboda, anasubiri abiria, amekaa juu ya pikipiki yake anakunywa Fanta. Aliangalia uso wangu tu.

"Mama, chukua hii yangu! Iko na sukari mingi!"

Nilikaa chini kwenye udongo na gauni langu la kanisani. Sikummiminia, maana tulifundishwa kwamba mtoto aliyelegea anaweza kupaliwa. Nilichovya kidole nikampaka kwenye fizi, nikachovya tena, nikampaka tena ndani ya shavu. Nyuma yangu kanisa lote lilikuwa limetoka na limenyamaza. Hata ngoma. Nilikuwa namwita kwa jina na hakuitika.

Halafu akameza.

Kisha akalia, na kilio kile ndicho kitu kitamu kuliko vyote nilivyosikia leo. Dereva yule alitupakia wote wawili, Teta katikati, akatupeleka kituo cha afya polepole kama amebeba mayai, huku akisema, "Shika yeye, mama, shika yeye muzuri." Pale walimtundikia dripu, wakamwangalia mpaka mchana, wakaturuhusu. Nilisahau kumuuliza dereva jina lake. Huyo naye sina pa kumrudishia ndama.

Nyumbani, mvua ilipoanza, nilikaa kitandani kwake. Sikumgombeza. Nilimuuliza tu uji ulienda wapi.

Aliumwaga kwenye migomba, insulini ikiwa imeshaingia mwilini.

"Kwa nini, mwanangu?"

Alinieleza akiangalia ukuta. "Dokta alisema watakuwa na njaa na wengine hawatavumilia. Nilitaka kujua wanavyojisikia." Kisha akaongeza kwa sauti ndogo, "Nyinyi wote mnafunga kwa ajili yangu. Kwa ajili yao hakuna anayefunga."

Niliondoka nikaenda jikoni. Nilifungua bomba ili maji yafiche kilio changu, ingawa kwa mvua ile hakuna ambaye angenisikia.

Nilidhani hofu ya leo imeishia hapo. Kumbe ilikuwa inabadilisha nguo.

Nilipochukua simu nimpigie Dokta Umutoni, mama mkwe alinishika mkono. Sijawahi kumwona amezeeka kama leo mchana. Aliishi Karagwe miaka mingi, Kiswahili chake anakijua kwa namna yake, na asipotaka tuelewane vibaya huacha Kinyarwanda akanisemesha kwacho.

"Mama Teta, haya mambo iko ya nyumbani. Mutoto iko muzima, umemuona anacheka. Ile dokta hakukuwa kule. Ukisema, ile nafasi wanapatia mwingine."

Na kusema haki, hakukosea. Vijifuko vimeshatengenezwa. Seli zikishaingizwa humo hazisubiri sana, zinachoka na kufa, na kwa sababu hiyo kuna mtoto mwingine aliyeandaliwa pembeni. Teta akiwa na homa, au sukari yake ikiyumba, vinaenda kwa yule. Tuliambiwa mapema. Ninachojua juu yake ni kwamba anatokea upande wa Huye na ana mama.

Nilimpigia Innocent kwanza. Simu haipatikani, yuko mahali fulani barabarani ambako mtandao haufiki. Nikaweka simu mezani. Nikaichukua. Nikaiweka tena.

Niseme ukweli, kwa kuwa hapa ndipo ninaposema ukweli: nilitaka kunyamaza. Nilitaka sana. Sukari yake sasa hivi iko sawa, kesho asubuhi ingekuwa sawa, nani angejua? Nikajiona siku moja nimelala usiku kucha bila kuamka kumgusa paji la uso. Nikamwona Teta anakula keki ya siku ya kuzaliwa ya rafiki yake kama watoto wengine, bila kunitafuta kwa macho kwanza. Vyote hivyo kwa bei ya kufunga mdomo tu.

Halafu nikamwona juu ya meza ya upasuaji, amelala kwa dawa, hawezi kusema anajisikiaje, na watu wote waliomzunguka hawajui kwamba jana yake mwili huu ulikaukiwa na sukari.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Methali hiyo nimeiandika ubaoni mara nyingi sana, na wanafunzi wangu huiandika kwa mwandiko mzuri. Leo ndiyo mara ya kwanza naiogopa.

Nikapiga.

Dokta alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza yote: alikula nini jana, nilimchoma kiasi gani, mashine ilionyesha nini, alipoteza fahamu? Alitetemeka? Nikamwambia alitetemeka, na sisi tulidhani ni Roho. Sikusikia kicheko upande wa pili.

Alisema nimlete asubuhi kama tulivyopanga. Watampima upya. Sukari ikishuka namna ile mwili hauko sawa kwa muda, na yeye peke yake haamui, wataamua wote. "Siwezi kukuahidi kitu, mama. Lakini ungenyamaza, kesho ningemtia mtoto wako usingizi nikiwa kipofu."

Nilimuuliza kama amempigia mama wa Huye. Alisema inabidi ampigie usiku huu, wajiandae nao.

Kwa hiyo sasa hivi, mvua hii inavyonyesha, kuna nyumba nyingine ambako simu imelia na mwanamke mwingine amepiga magoti kwa furaha. Nimejaribu kumchukia nimeshindwa. Naye amevitoboa vidole vya mtoto wake miaka yote hii.

Nilimwambia mama mkwe nimesema. Aliingia chumbani kwake akarudisha mlango.

Naogopa wakikataa. Naogopa zaidi wakikubali.

Wakikataa, nimeipoteza nafasi ya mwanangu kwa mdomo wangu mwenyewe, na Innocent nitamwambia nini? Wakikubali, watachanja tumbo lake, watamwekea seli za mtu asiyejulikana ndani ya ukuta unaoyeyuka, na mimi nitaanza kuogopa kitu kipya ambacho hata jasho lake halitanionyesha. Nimezoea kuogopa sindano. Sindano naijua.

Jioni nilipika viazi na maharage, nikamtengea Teta. Insulini niliamua kuiweka pembeni mpaka nione kwa macho yangu chakula kinashuka kooni. Sitaamini tena kikombe kitupu. Alishika kijiko, akaangalia sahani, akaangalia mikono yangu.

"Mama, wewe hujala."

Nikamwambia nimefunga, anajua. Funga ni mpaka vijifuko viingie.

Akaweka kijiko chini. "Basi na mimi nangoja."

Hakusema kwa ukaidi. Angekuwa mkaidi ningejua la kufanya. Alisema kwa adabu kabisa, mikono juu ya mapaja, kama mtu anayemsubiri mgeni aliyechelewa. Nilibaki naangalia viazi vinavyopoa. Tangu Ijumaa nilikuwa nimejishikilia kwenye funga ile, nikiamini nikiilegeza kidogo tu kitu kitaanguka. Ndicho kitu pekee nilichokuwa nimekifanya kwa ajili ya kesho ambacho kilikuwa mikononi mwangu.

Mlango wa mama mkwe ukafunguka. Mwanamke huyu sijawahi kumwona akikatisha funga. Alifunga akiwa na malaria, alifunga siku ya harusi yangu watu wakila nyama mbele yake. Alivuta kigoda akakaa. Akachukua kiazi kutoka kwenye sufuria, akakivunja katikati, kinatoa mvuke, nusu akanipa mimi.

"Kula, Mama Teta. Mungu anaona, hakuna shida." Akatia nusu yake mdomoni, akatafuna macho yamefumba, midomo inatetemeka. Sikujua kama anaomba au analia. Nadhani vyote viwili.

Nilikula. Kiazi hakikuwa na ladha yoyote na nilikimeza chote.

Teta akaokota kijiko. Alikula mpaka akakwangua sahani, nami nilihesabu kila tonge kwa macho kama mtu asiye na akili. Nikampima. Nikamchoma. Nikamfunika. Mkoba wa kesho uko mlangoni, nimeujaza juisi na asali na pipi kiasi kwamba hautaki kufunga.

Nilipokuwa nazima taa aliniita.

"Mama, na wao? Wamekula leo?"

Nimemwambia ndiyo, dokta amewapa chakula, wameshiba. Amelala palepale. Mimi nimekuja kukaa hapa mezani kuandika, kwa sababu sijui kama nimemwambia kweli. Wako mjini usiku huu, kwenye chupa, ndani ya vijifuko vyao, hai, hawajui wataenda kwa Teta au kwa mtoto wa Huye. Sijawahi kuwaza juu yao hata mara moja kama kitu chenye njaa.

Kesho nikifika sitaanza kwa kuuliza kama tumekubaliwa. Nitaanza na swali la Teta.